Pesa ya viti visivyokaliwa: ukumbi mmoja wa Mbeya tangu Machi 2020

Jumatano ya Machi 18, 2020, saa mbili asubuhi, jikoni mwa hoteli yetu kulikuwa na kilo 18 za nyama ya ng'ombe zilizokwisha kukatwa, maandazi ya watu 45 yamefunikwa kitambaa, na semina iliyotakiwa kuingia siku ya pili kati ya tatu. Washiriki walifika, wakanywa chai, wakasaini karatasi ya mahudhurio. Halafu mratibu wao akasimama na simu mkononi akasema amepigiwa kutoka Dodoma: hakuna kuendelea, kila mtu arudi kituo chake cha kazi. Dakika 20 baadaye ukumbi ulibaki na chupa za maji zilizofunguliwa na projekta inayowaka bila mtu.

Jana yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa ametangaza kufunga shule kwa siku 30 na kusitisha mikusanyiko: semina, warsha, matamasha, mikutano ya siasa, michezo. Mgonjwa wa kwanza wa corona nchini alikuwa ametangazwa Machi 16 na Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu. Msafiri aliyetokea Ubelgiji, akiwa Arusha. Arusha na Mbeya ni safari ya siku nzima na zaidi kwa basi. Nyama ile tuliigawa kwa wafanyakazi, nusu tukaiweka kwenye friza, na mpishi akaniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Sasa Jumamosi ninunue ya watu wangapi?"

Mimi nilikuwa natunza hesabu za hoteli hiyo. Ni hoteli ya vyumba 26 na ukumbi wa watu 350, upande wa Soweto, si mbali na barabara kuu iendayo Zambia. Sitaji jina lake, kwa sababu mambo yetu ya wakati ule yalikuwa ya hoteli nyingi za Nyanda za Juu Kusini, na pia kwa sababu mwenyewe, mwalimu mstaafu tuliyekuwa tukimwita Mama, hapendi kusemwa.

Wanaoandika habari za corona na hoteli Tanzania huanza na watalii, na takwimu zinawapa haki: watalii walioingia nchini mwaka 2019 walikuwa 1,527,230, mwaka 2020 wakashuka hadi 620,867. Kwa Serengeti na Zanzibar hiyo ni habari kamili. Kwetu mtalii alikuwa Mzungu mmoja mmoja aliyelala usiku mmoja akielekea Malawi kupitia Kasumulu, au kikundi kilichokwenda kuliona Ziwa Ngozi kikarudi na viatu vya tope na kudai maji ya moto. Wangeacha kuja mwaka mzima, hoteli isingetikisika. Nilipofunga hesabu za 2019, katika kila shilingi 100 iliyoingia, shilingi 58 zilitoka ukumbini: kodi ya ukumbi, chakula na vinywaji vya sherehe na semina. Vyumba vilileta 31, iliyobaki ni baa na mgahawa wa kawaida. Hata hizo 31 za vyumba, nyingi zililipwa na watu waliokuja kwa sababu ya ukumbi, yaani wana semina kutoka Sumbawanga na Njombe, au wajomba wa bibi harusi kutoka Dar es Salaam.

Tanzania haikufungia watu ndani. Hakuna aliyekuja kututia kufuli getini. Vyumba viliuzwa na mgahawa ulipika. Kilichofungwa ni ukumbi, na ukumbi ndio uliokuwa ukiwalisha wengine wote.

Jioni ya siku ile Mama alinituma nilete daftari la oda. Si kompyuta, daftari. Kompyuta tulikuwa nayo lakini tarehe zilishikwa kwa kalamu, jina la kamati, simu ya mwenyekiti, simu ya mweka hazina, advansi iliyolipwa. Tulihesabu. Kuanzia baada ya Pasaka, ambayo mwaka ule iliangukia Aprili 12, hadi mwisho wa Juni, tulikuwa na oda 14: harusi 6, sendoff 5, kitchen party 2, na sherehe 1 ya ubarikio. Kwa mtu wa nje ya biashara hii, Februari na Machi ni miezi ya njaa ya kumbi za Mbeya kwa sababu makanisa mengi hayafungishi ndoa wakati wa Kwaresima. Kwa mtunza hesabu ni miezi mitamu. Sherehe hakuna, lakini kamati zinapita kushika tarehe za baada ya Pasaka, na kila anayeshika tarehe anaacha pesa. Corona ilitukuta katikati ya msimu huo, mifuko imejaa pesa za watu na kazi hata moja haijafanyika.

Jumla ya advansi ilikuwa shilingi 19,600,000. Mama akauliza, "Ziko wapi?"

Ziko wapi. Milioni 7.2 zilikuwa viti vipya 200 na vitambaa vyake. Milioni 2.8 zilikuwa jenereta lililofunguliwa likafungwa tena. Milioni 4.5 zilikuwa rejesho la mkopo wa benki wa Februari na Machi. Milioni 2 zilikuwa mishahara, kwa maana Februari ukumbi haukuingiza kitu. Benki kulikuwa na milioni 3.1. Nilizisoma tarakimu hizo kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu yake mwenyewe, maana kila malipo niliyaandaa mimi. Wala sikuona kosa wakati nikiyaandaa. Kila ukumbi niliokuwa naujua ulikuwa ukifanya hivyo: advansi ya Mei inamalizia sherehe ya Machi, advansi ya Agosti inamalizia ya Mei. Mchezo unaendelea maadamu daima kuna anayeingia mlangoni na pesa mkononi.

Meneja wetu alikuwa na jibu tayari. Chini ya kila risiti yetu kulikuwa na mstari wa wino mwekundu: malipo ya awali hayarudishwi. "Mama, tukae kimya," akasema. "Atakayekuja tutamwonyesha mstari." Sikumshangaa. Kama ningekuwa na uamuzi, nami huenda ningekaa kimya. Mama alikunja daftari akasema maneno ambayo nimeyarudia kwa watu wengi tangu siku hiyo: "Piga wewe kabla hawajapiga wao. Anayedaiwa akipiga simu ya kwanza, anaongea. Akipigiwa, anajitetea."

Kabla sijapiga nilimfuata wakili mmoja, jirani wa Mama, ambaye alinisomea Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, akiwa amesimama mlangoni kwake bila kunikaribisha ndani, ndiyo adabu mpya ya wiki ile. Kifungu cha 56 kinasema makubaliano ya kufanya jambo ambalo baadaye limekuwa haliwezekani au limekuwa kinyume cha sheria yanabatilika pale lilipokuwa haliwezekani. Kifungu cha 65 kinasema aliyekwisha kupokea faida katika makubaliano yaliyobatilika airudishe au afidie. "Mstari wenu mwekundu," akaniambia, "unamfunga anayeghairi mwenyewe. Huyu hakughairi. Amezuiwa, na ninyi mmezuiwa." Mtu anaweza kubishana kama agizo la muda lilibatilisha sherehe ya Juni, na yeye mwenyewe alikiri hivyo. Lakini niliondoka pale nikijua kuwa tukienda mahakamani na mstari wa wino mwekundu tunakwenda kuaibika.

Nilipiga simu 14 kwa siku 2. Nilitarajia matusi na sikuyapata sana. Nilipata ukimya, na baada ya ukimya swali lilelile: mnatuambia tufanye nini? Tulikuwa na mambo matatu ya kuwapa. Kusogeza tarehe bila kuongezewa bei hadi mwisho wa mwaka. Kurudishiwa pesa, lakini kwa awamu, na tarehe za awamu tunaziandika na kusaini. Au kuchukua chakula chetu kwa shughuli ndogo ya nyumbani, advansi ikikatwa humo. Kamati 8 zilisogeza, 4 zikataka pesa, 2 zikachukua chakula. Nilikuwa nimejiandaa kwa 10 za kutaka pesa.

Zile 4 ndizo zilizonikosesha usingizi. Jumla yake ilikuwa milioni 5.4. Mweka hazina wa moja wapo alikuja mwenyewe, mama wa makamo, na daftari la kaunta lenye kava la plastiki. Alikaa mwisho wa meza, barakoa ya kitenge usoni, akalifungua. Majina 212. Mbele ya kila jina ahadi, mbele ya ahadi kilicholipwa, mbele yake tarehe na njia: mkononi, kwa simu, "kupitia Mwalimu". Alipitisha kidole kwenye safu akasema, "Mwanangu, hii si pesa yangu. Ukinicheleweshea wewe, mimi nadaiwa na watu 212." Nilipolitazama daftari lile nikaliona langu. Yeye alikuwa amechukua pesa za watu kwa ajili ya viti ambavyo hawajakalia, akanipa mimi, nami nikanunulia viti vingine.

Maandiko mengi yanayofundisha namna kumbi zilivyojirekebisha wakati wa janga husema: punguza idadi ya wageni. Ni ushauri sahihi kwa nchi ambako anayeoa ndiye anayelipa. Kwetu harusi hulipwa na wageni. Mtu anachanga 50,000 anapata kadi yake, anachanga 100,000 anapata kadi ya watu wawili, na kadi ile ni kiti, sahani na soda zake kwa idadi. Ukimwambia mwenyekiti wa kamati apunguze wageni kutoka 350 hadi 120, unamwambia aende kwa watu 230 waliokwisha kuchanga awaeleze kwamba pesa zao zimefika lakini wao wasifike. Na asipowachangisha, hao 120 hawatoshi kulipa ukumbi, mpambaji, MC, picha na keki. Bajeti haikatwi kwa mizani sawa na watu. MC hapunguzi bei kwa sababu anasikilizwa na wachache.

Kamati mbili zilizochukua chakula ndizo zilizopata njia, nasi tulijifunza kwao. Ibada hazikuzuiwa, kwa hiyo ndoa ilifungwa kanisani watu wakikaa mbalimbali, kisha watu wasiozidi 40 wakaenda nyumbani kwa wazazi, Uyole. Waliobaki, wale waliochanga na kukosa kiti, walipelekewa kiti chao kwa bajaji. Tulipika pilau, kuku na kachumbari, tukajaza vyombo 180 vya kubebea, kila kimoja na karatasi ya jina la maharusi, tukavipanga kwa mitaa: Ilomba, Mwanjelwa, Forest, Isanga. Bajaji tatu zilitoka saa sita mchana. Saa tisa simu zikaanza. Wengi walishukuru, ndaga, yaani asante za Kinyakyusa, zilikuwa nyingi. Mzee mmoja alinipigia kulalamika kwamba yeye amechanga elfu hamsini halafu kaletewa pilau kama mgonjwa aliyelazwa. Nilimwomba radhi. Alikuwa na haki yake: sahani ile haikuwa na muziki, wala shemeji wa kumtania, wala nafasi ya kuonekana amevaa suti.

Kurusha sherehe mubashara kwa intaneti tulijaribu mara moja. Mpiga picha alileta kamera na laini mbili za simu, ndugu wa Dar es Salaam na wa Marekani wakakaa kusubiri, umeme ukakatika wakati wa kuvalishana pete. Jenereta, lile la milioni 2.8, liliwaka baada ya dakika 4. Dakika hizo 4 zilitosha. Hatukuuza tena huduma hiyo.

Pesa za kuwarudishia wale wanne zilitoka mahali ambapo sikupatarajia: kwa wana semina. Ukumbi wa Mbeya humdai advansi mwenye harusi na humkopesha mwenye semina, jambo la kinyume kabisa ukilitazama. Mkulima wa Kyela anaweka pesa miezi mitatu kabla ya kula. Taasisi yenye ofisi na gari inakula leo, inaacha LPO, karatasi ya oda ya kuahidi malipo, na kulipa ikipenda baada ya siku 60 au 90. Machi ile tulikuwa tunadai taasisi nne jumla ya milioni 9.8, deni moja likiwa la tangu Oktoba. Kwa kuwa sikuwa na sherehe za kuhesabu, kazi yangu ya Aprili na Mei ilikuwa kukaa kwenye mabenchi ya korido za ofisi za watu, hatua moja kutoka kwa anayefuata, nikisubiri mhasibu. Hadi mwisho wa Juni nilikuwa nimekusanya milioni 6.3. Mama hakunisifu, aliniuliza kwa nini hazikukusanywa Desemba.

Benki nayo ilituliza kidogo. Mei 12 Benki Kuu ilitangaza hatua za kupunguza makali, ikiwamo kuyataka mabenki yatafute namna ya kuwapangia upya mikopo wateja walioathirika. Tuliandika barua, tukapewa miezi mitatu ya kulipa riba tu. Watu waliuita msamaha. Haukuwa msamaha, muda uliongezwa na riba ikaongezeka nao. Kilichotusaidia zaidi katika tangazo lile ni kitu ambacho wafanyabiashara wengi hawakukitilia maanani: kiwango cha muamala wa simu kwa siku kilipandishwa kutoka milioni 3 hadi milioni 5, na salio kutoka milioni 5 hadi milioni 10. Waweka hazina wa kamati wakaanza kutulipa kwa simu kwa mkupuo, bila kubeba bahasha, na kila shilingi ikaja na ujumbe wake. Ubishi wa "nilikupa mkononi siku ile" ulikufa bila kuzikwa.

Kuhusu wafanyakazi nitasema kwa ufupi, si kwa sababu ni jambo dogo bali sina fahari nalo. Wa kudumu walikuwa 19. Meneja alitaka kupunguza 8. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38, inataka mwajiri atoe taarifa, aeleze sababu na ashauriane nao kwanza, na kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, usizidi miaka 10. Nilipiga hesabu nikaona kuwaondoa kungetugharimu pesa ambazo hatukuwa nazo. Tukakubaliana nao kufanya kazi wiki mbili kati ya nne kwa nusu mshahara, na chakula. Basi uungwana wetu ulikuwa pia umaskini wetu. Vibarua 30 wa siku za sherehe, wale wa kubeba sahani na kuosha masufuria, hawakuwa kwenye sheria wala kwenye kikao. Walikuwa majina kwenye simu ya mkuu wa wahudumu. Hatukuwapigia hadi Julai. Wengine hawakupatikana tena kwa namba zile.

Mwezi wa Mei ulileta wageni wa vyumba kwa mlango wa nyuma. Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde Mei 11 baada ya wagonjwa kuongezeka ghafla upande ule, na malori yakapangana Tunduma, kilomita kama 100 kutoka kwetu. Mizigo ilianza kupita tena baada ya siku chache, lakini kwa vipimo na foleni. Madereva walilala kwenye magari yao. Waliokuja kwetu ni mawakala na watu wa kampuni za usafirishaji waliotaka kukaa karibu na mpaka bila kukaa mpakani. Tuliwapa bei ya wiki, tukaiita bei ya mwezi walipozidi kukaa. Vyumba 9 vilipata watu hadi Agosti. Mhudumu wa vyumba aliacha kuingia kila siku, akabadili shuka mara mbili kwa wiki mgeni akiwa hayupo, madirisha yakishinda wazi. Sabuni ikatumika kidogo, maji kidogo. Utaratibu huo hatukuuacha hata corona ilipopungua.

Juni 16 Rais Magufuli alitangaza shule zote zifunguliwe Juni 29, na shughuli za watu zikaanza kurudi. Sherehe yetu ya kwanza ilikuwa Jumamosi ya Julai 4, moja ya zile nane zilizosogezwa. Kamati ilikuja na wazo lake yenyewe: kuunganisha sendoff na harusi kwa kadi moja, wageni 160, mchana badala ya usiku. Mlangoni tuliweka ndoo mbili za koki juu ya stuli, sabuni ya maji, na kijana wa kuhakikisha mtu ananawa. Meza za watu 10 zikawa za watu 6. Na madirisha yote wazi, ndivyo tulivyoelezwa, hewa ipite.

Aliyetoa ushauri huo hajakaa Mbeya mwezi wa saba. Mji uko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Julai upepo unaoteremka mlimani huingia hadi kwenye mifupa. Ilipofika saa kumi na moja jioni, mabibi wa mbele walikuwa wamejifunika vitenge juu ya magauni ya satini, mmoja amevaa koti la mjukuu. MC, kijana wa watu, akatania kwamba bibi harusi anatetemeka si kwa mapenzi. Watu wakacheka, halafu nikaona dirisha moja linafungwa. Kisha la pili. Mhudumu akafungua, mgeni akafunga. Ubishi huo wa kimyakimya uliendelea hadi keki. Mtu mmoja wa kamati alitaka tuingize majiko ya mkaa, nikakataa, maana mkaa kwenye ukumbi uliofungwa unaua upesi kuliko ugonjwa tuliokuwa tunauogopa. Tulikubaliana madirisha ya upande wa barabara yawe wazi, ya upande wa mlima yafungwe. Sherehe zote za msimu wa baridi baada ya hapo tulizimaliza saa kumi na mbili.

Siku hiyohiyo tuliacha bufee ya kujipakulia. Wahudumu wanne walisimama nyuma ya meza na barakoa, wakapakua. Tulifanya kwa ajili ya usafi, watu 160 wasishike mwiko mmoja. Mpishi aliona jambo lingine. Miaka yote tulipiga hesabu ya kilo 1 ya nyama kwa watu 4, na bado meza za nyuma zilifika zikakuta mchuzi na majani ya kupambia, kwa sababu meza ya mbele ilijipakulia vipande sita sita. Siku ile kilo 1 ilitosha watu 5, meza ya mwisho ilikula sawa na ya kwanza, na chombo kikabaki na nyama. Wapo waliolalamika kupimiwa kama watoto. Lakini waweka hazina walifurahi, nasi hatujarudi nyuma. Anayetaka kujipakulia analipa zaidi, tunamweleza na sababu.

Agosti hadi Oktoba ilikuwa kampeni. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 28, na vyumba vilijaa kana kwamba hapakuwa na lolote. Wageni wa kampeni hulipa taslimu na hawaombi risiti, jambo linalompendeza mwenye hoteli na kumwumiza kichwa mtunza hesabu. Tulimaliza kuwarudishia wale wanne Julai 30. Yule mama wa daftari la kaunta alisaini, akapiga mstari mmoja mrefu chini ya jina la 212, akalifunga.

Kilichofuata mwanzoni mwa 2021 kilikuwa kigumu zaidi kwa namna yake, kwa sababu hakikuwa na tangazo. Hakuna aliyezuia sherehe. Watu tu walikuwa wanazika, na kwenye matangazo ya misiba maneno yalikuwa "changamoto ya upumuaji". Kadi ziligawiwa watu 250, wakaja 140, wazee hawaonekani. Kamati ilikuwa imelipia 250 na chakula kimepikwa. Hapo ndipo tulipoanza kuwataka waweka hazina wathibitishe idadi siku 3 kabla, na kupika kwa idadi hiyo na 10 ya dharura tu. Machi 17 Rais Magufuli alifariki dunia. Rais Samia Suluhu Hassan akatangaza siku 21 za maombolezo, na kwa mara ya pili katika mwaka mmoja, karibu tarehe zilezile, nilikaa na daftari la oda nikianza kupiga simu.

Safari hii nilipiga nikiwa na pesa. Tangu Septemba 2020 Mama alikuwa amefungua akaunti ya pili, ya advansi pekee. Pesa ya kamati inaingia humo na haitoki hadi Jumatatu ya baada ya sherehe, isipokuwa ya soko la sherehe hiyohiyo. Meneja aliipinga kwa miezi. Alisema tunalaza pesa huku tunalipa riba ya mkopo, na kihesabu alikuwa sahihi. Nilimwonyesha Mama gharama yake kwa mwaka, si ndogo. Ilitubidi kuahirisha kupaka rangi ukumbi na kununua spika. Kumbi za jirani zilipaka. Wateja waliziona.

Mstari wa wino mwekundu ulifutwa. Mahali pake pana sentensi nne zilizoandikwa na yule wakili: ukighairi wewe unapoteza asilimia fulani kwa kadiri siku zilivyobaki, mamlaka ikizuia unachagua tarehe au pesa, msiba wa wazazi wa maharusi unahesabiwa kama zuio. Hiyo ya mwisho aliiongeza Mama.

Agosti 2022 Nane Nane ya kitaifa ilifanyika Mbeya, viwanja vya John Mwakangale, na kwa wiki nzima mtu hakupata hata kochi la kulala kuanzia Uyole hadi Iyunga. Taasisi zilizokuwa zikituachia LPO zililipa kabla ya kuingia vyumbani, kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda. Meneja alipendekeza zile pesa za vyumba tununulie televisheni kabla ya wageni kufika. Mama alimtazama tu.

Katika oda nane zilizosogezwa mwaka 2020, saba zilifanyika. Ya nane ilisogezwa hadi Desemba, ikasogezwa tena hadi Aprili 2021, na Februari baba wa bibi harusi akafariki. Nilisubiri siku 40 ndipo nikampigia mwenyekiti wa kamati, mzee mpole wa Tukuyu, nikamwambia laki 9 zao zipo, aniambie nizitume wapi. Akanyamaza, akauliza watoto wangu hawajambo, akasema, "Iache kwanza, mwanangu. Hawa vijana hatujui watafanyaje." Nimempigia kila Januari tangu hapo. Bibi harusi yuko Dodoma, kaajiriwa. Laki 9 ziko kwenye akaunti ya pili, mstari wa juu kabisa, na kila ninapofunga mwezi nalivuka jina lake kwenda kwa wengine.